Flashi Kwenye Mishubiri

Mwanga mweupe ulilipuka kwenye ua wa mishubiri, na chozi, yule ndege mdogo anayekunywa utamu wa maua, akapotea.

Fransiska Bura alishusha kamera akatazama kioo chake. Maua ya rangi ya machungwa yalikuwa yametoka vizuri kabisa. Ndege hakuwepo. Kulikuwa na mkia tu, mwembamba na mrefu, ukitokomea pembeni mwa picha.

"Aaa, jamani!"

"Hata mimi nasema jamani," sauti ya mwanaume ilimjibu kutoka chini, kwenye majani.

Nusura aangushe kamera. Hatua kama kumi kutoka alipokuwa, kitu alichodhani ni kichuguu kilianza kusimama. Kilikuwa na shuka la rangi ya udongo mabegani, majani makavu kichwani, na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Katikati ya hayo yote kulikuwa na kijana mrefu, mweusi, mwenye macho makubwa yaliyokuwa yakimtazama bila furaha.

"Dada, unajua nimelala hapa tangu saa ngapi?"

"Sijui."

"Saa kumi na mbili kasoro. Na jana hivyo hivyo, na juzi. Leo ndiyo siku ya kwanza ameshuka mpaka ua la chini. Nikasema, sasa. Halafu radi ikapiga."

"Siyo radi. Ni flashi."

"Kwa ndege ni radi."

Fransiska hakuwa mtu wa kusemwa akanyamaza. Alikuwa na studio yake mjini Katesh, karibu na stendi, na katika miaka mitano ya kupiga picha za harusi na kipaimara alikuwa ameshafokewa na akina mama wakwe wa kila aina.

"Na wewe je?" alisema. "Unalala kwenye majani ya watu kama chatu, husalimii, unasubiri mtu afanye kosa ndiyo utoke?"

"Ni majani ya mama yangu. Boma lile pale ni letu."

Fransiska aligeuka. Kweli, nyuma ya ua kulikuwa na boma, na mama mmoja mwenye bangili za shaba alikuwa amesimama langoni na kibuyu cha maziwa mkononi, akiwatazama kama mtu anayetazama mchezo mzuri. Aibu ikampanda Fransiska mpaka masikioni.

"Shikamoo, mama!" aliita.

"Marahaba, binti! Endeleeni tu!"

Kijana alicheka. Hakutaka kucheka, ilionekana wazi, lakini kicheko kilimtoka, na uso wake wote ukabadilika. Fransiska akajikuta anautazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Nani alikuelekeza huku Gendabi?" kijana aliuliza, safari hii kwa upole.

"Mwalimu Agustino. Anaandika kitabu cha ndege kwa watoto wa shule. Anataka picha ya jalada, chozi dume wa kijani, mwenye mkia mrefu. Akasema niende kwenye ua wa mishubiri kwa mama Gidamis."

"Mimi ndiye Gidamis. Na Mwalimu Agustino amenituma mimi, picha hiyo hiyo, jalada hilo hilo."

Walitazamana. Mwalimu Agustino alikuwa mstaafu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuna kati yao aliyewahi kumdhania ujanja.

"Ametupanga," alisema Fransiska.

"Ametupanga vibaya sana," alisema Gidamis, na sauti yake haikulalamika hata kidogo.

Mama Gidamis aliwaletea maziwa ya mgando. Walikaa kwenye gogo, kamera magotini, wakaanza kuoneshana picha. Gidamis alikuwa afisa mifugo. Siku za kazi alizunguka na pikipiki akichanja ng'ombe, na alfajiri zilizobaki alizitoa kwa ndege. Alikuwa na picha ya korongo wenye taji wakitembea kwenye ukungu, mlima Hanang nyuma yao. Fransiska aliitazama, akasahau maziwa.

"Hii ni nzuri," alikiri. "Ni nzuri mno. Lakini huyu wa mbele, uso wake uko wapi? Jua liko mgongoni kwake, amekuwa kivuli. Mtoto wa darasa la pili atajuaje kwamba ana shavu jeupe na jekundu?"

"Atajua ni asubuhi. Atajua kuna baridi."

"Kitabu ni cha ndege, siyo cha baridi."

"Nioneshe wa kwako."

Alimwonesha shore aliyempiga kwenye mti wa jirani. Jicho la ndege yule lilikuwa hai, nukta ya mwanga ikiwaka ndani yake, kila unyoya ukihesabika. Gidamis alikaza macho, akaikuza picha, akaipunguza.

"Jicho ni zuri," alisema. "Lakini nyuma yake pote ni peusi. Huyu maskini anaonekana kama amekamatwa na polisi."

Fransiska alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka maziwa yakamwagikia mkono.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Flashi siyo lazima iwe radi. Ukiipunguza nguvu mpaka mwisho, ukaacha jua lifanye kazi kubwa, yenyewe inajazia tu pale penye kivuli. Chozi akiwa kivulini anaonekana mweusi kama mkaa. Ile kijani yake haiko tayari muda wote, inawaka pale tu mwanga unapomgonga kwa mbele. Mimi nampa huo mwanga."

"Jua pia litampa. Ukisubiri."

"Jua linampa dakika ishirini asubuhi, kama hakuna mawingu."

"Basi dakika ishirini zinatosha." Gidamis alijipangusa nywele, majani yakamwangukia magotini. "Nimeona ndege waliohama kiota kwa sababu ya watu wenye flashi. Nikisubiri, simdai kitu. Anakuja akitaka."

Alisema hivyo bila majivuno, akitazama maua. Fransiska alikuwa anazitazama nywele zake.

"Umebakiza moja," alisema.

"Moja nini?"

"Jani. Hapo. Siyo hapo, huku." Gidamis alipapasa kila mahali isipokuwa penyewe. Mwishowe Fransiska alinyoosha mkono akalitoa mwenyewe kwa vidole viwili. Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Mama Gidamis, langoni, aligeuka akaingia ndani akiguna kwa raha.

*

Majuma matatu yaliyofuata yalipita haraka. Jumamosi walikwenda ziwa Balangida kuwapiga picha heroe, wale ndege wa miguu mirefu, Fransiska akiwa ameiacha flashi makusudi ili aone kama ataweza. Alfajiri moja walikutana chini ya mlima, na safari hiyo Gidamis ndiye aliyeishika flashi, akiielekeza kwa tahadhari kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Ndege waliyemkuta hakushtuka, wala hakupepesa. "Sawa," alisema Gidamis, "huyu ni kipofu." Lakini jioni alimwandikia ujumbe: *Nimeikuza picha yako. Nimeona rangi ambayo sijawahi kuiona kwa macho. Usiku mwema.* Fransiska aliusoma ujumbe ule akiwa na mteja wa picha za pasipoti mbele yake, akamkata mteja kichwa pichani.

Chozi wa kijani tu ndiye aliyewakatalia. Kila walipokwenda Gendabi, alikaa juu ya mti akiwachungulia.

Kisha siku moja, wakinywa chai mgahawani Katesh, Gidamis aliuliza, "Kwenu ni wapi hasa, pale Nangwa?"

"Chini ya barabara, kwa mzee Bura. Shamba lenye jiwe kubwa katikati, huwezi kulikosa."

Kikombe cha Gidamis kilisimama katikati ya meza na mdomo. Alikirudisha chini. Alisema amekumbuka chanjo mahali, akaondoka chai ikiwa nusu.

Siku nne hakuandika chochote. Siku ya kwanza Fransiska alijiambia kwamba Gidamis ana kazi. Siku ya pili alisema simu imeharibika. Siku ya tatu alifuta vioo vya studio mara tatu, na ya nne aliamua kwamba wanaume wote wanaolala kwenye majani ni watu wa kuogopwa. Jioni hiyo simu iliita. Alirukia. Alikuwa Mwalimu Agustino.

"Binti yangu, Jumatatu kitabu kinakwenda kwa mchapaji. Bila chozi nitaweka kunguru."

"Usiweke kunguru, Mwalimu. Nipe mpaka Jumapili."

Hakuwa na wazo lolote la kumpata. Lakini Ijumaa asubuhi mama yake, Juliana, alipiga simu kutoka Nangwa, akizungumza chinichini.

"Lile lindege lako la kijani lenye mkia, si liko hapa? Nyuma ya jiko, kwenye mishubiri yangu. Tangu juzi. Baba yako anasema limezoea kama kuku."

Fransiska alikaa akaitazama simu. Mishubiri ya mama yake ilikuwa chini ya miti mirefu ya migrivilia. Kivuli kitupu asubuhi nzima. Angehitaji flashi, angehitaji mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, na angehitaji mtu mwenye lenzi ndefu na subira. Alimjua mmoja tu. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

*Chozi yuko kwetu. Kama hutaki kuniona mimi, njoo umwone ndege.*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

*Nakuja kesho alfajiri. Kuna jambo lazima nimwambie baba yako.*

Hakula siku ile.

*

Mzee Bura alikuwa mfupi, mwenye koti zito na buti za mpira, na alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake pikipiki ilipozimwa. Baridi ya mwezi wa saba ilitoa moshi kwenye midomo yao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Gendabi, baba. Naitwa Gidamis."

"Gendabi." Mzee alilitamka neno lile kama mtu aliyeonja maziwa akakuta yamelala. "Watu wa ng'ombe."

"Ndiyo, baba. Watu wa ng'ombe."

Fransiska alitoka nyuma ya nyumba akiwa amebeba vifaa. Alikuwa amejiandaa kumpokea Gidamis kwa uso wa ofisini, mkavu, usio na habari. Lakini Gidamis alimtazama kwa macho ya mtu aliyekosa usingizi siku nne, na ule uso wa ofisini ukamteleza.

"Umekonda," alisema bila kutaka.

"Na wewe."

"Mimi sijakonda."

"Ndege yuko wapi?" aliuliza mzee Bura kwa sauti.

Walijipanga nyuma ya rundo la mabua ya mahindi. Fransiska aliifunga flashi kwenye stendi katikati yao, ikielekea mishubiri, akaipunguza nguvu mpaka mwisho, akaiunganisha na kamera ya Gidamis ili iwake yeye akibonyeza. Yeye mwenyewe angeshika kamera yake ya zamani, isiyo na flashi, kwa akiba tu. Kila kitu kilikuwa tayari. Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani, ukaubeba mwavuli mweupe mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Aliufuata. Aliufunga. Upepo ukaubeba tena.

"Baba," alisema mwishowe, "njoo utushikie mwavuli."

"Mwavuli? Mvua iko wapi?"

"Siyo wa mvua. Mwanga unapita hapa kwenye kitambaa, unalainika, haumpigi ndege machoni. Unashika hivi. Hutikisiki. Na huongei, maana akisikia sauti haji. Ukizidiwa, unanong'ona."

Mzee Bura alimtazama binti yake, akautazama mwavuli, akamtazama kijana wa Gendabi. Udadisi ulimshinda. Alikaa kwenye kigoda katikati yao, mwavuli mweupe mkononi kama askofu kwenye maandamano. Mlango wa jiko, ambapo Juliana alikuwa ameamriwa asitoke, ulibaki wazi kiasi cha jicho moja.

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Jogoo aliwika kwa jirani.

"Mwaka ule," mzee Bura alinong'ona ghafla, "ng'ombe wa Gendabi waliingia kwenye mbaazi zangu."

"Baba!"

"Si nanong'ona? Ekari mbili. Nilikuta mashina. Wazee wao walikuja kuniomba radhi, wakasema ng'ombe walipotea wenyewe. Nikawaambia, ng'ombe hapotei mwenyewe. Anapotezwa. Tangu siku hiyo sijakanyaga Gendabi, hata msibani."

"Baba, Gidamis ni afisa mifugo, anachanja—"

"Hawakupotea wenyewe, baba," alinong'ona Gidamis.

Mzee aligeuza shingo polepole, mwavuli ukabaki mahali pake. "Unasemaje?"

"Aliyekuwa anachunga nilikuwa mimi."

Mwavuli ulitikisika kama umepigwa na tufani. "Shika vizuri, baba," Fransiska alinong'ona, kwa kuwa hakupata neno jingine.

"Nilikuwa likizo, kidato cha tatu," Gidamis aliendelea. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kwenye jiwe lako kubwa kulikuwa na kiota cha kozi. Nilipanda kumwangalia akilisha makinda. Nikajisahau. Niliposhuka, ng'ombe walikuwa wamemaliza mistari. Nikawatoa, nikakimbia. Wazee waliponiuliza nikasema nililala kidogo, walipotea. Miaka kumi na moja nimelibeba. Fransiska aliponitajia nyumba yake, nilishindwa kumwandikia tena kabla sijasema mbele yako. Nisamehe, baba."

Upepo ulipita kwenye migrivilia. Fransiska alihisi vitu viwili kwa pamoja, furaha iliyomjaa kifuani kwa kuwa hakuachwa, na hasira kwa sababu hiyo hiyo.

"Siku nne," alinong'ona akipenyeza kichwa mbele ya koti la baba yake. "Siku nne nafuta vioo! Nilidhani una mke!"

"Sikujua niandike nini."

"Ungeandika 'samahani, mbaazi'! Maneno mawili!"

Jikoni kitu kilianguka, na sauti ya mama anayejiziba mdomo kwa kanga ikasikika.

"Nyamazeni, ninyi," alinong'ona mzee Bura. Alikuwa anamtazama Gidamis kwa makini, kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni, meno, magoti, kila kitu. "Ungekaa kimya, nani angejua? Mimi nimeshazeeka, ningekufa sijui. Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu nataka kuja hapa mara nyingi, baba. Siwezi kuwa nakunywa chai yako huku nakuficha."

"Mara nyingi, unakuja kufanya nini?"

Gidamis alifungua mdomo. Na hapo chozi akaja.

Alitua kwenye ua la chini kabisa, hatua tano tu kutoka kwao. Kivulini alikuwa mweusi, mdogo kuliko ngumi, na mkia wake ukiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Aliuzamisha mdomo wake uliopinda ndani ya ua, akanywa. Gidamis alikuwa tayari amemweka katikati ya kioo. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Majuma matatu, alfajiri zote zile, na sasa kulibaki kubonyeza tu.

Mzee Bura hakumtazama ndege hata kidogo.

"Nimekuuliza," alinong'ona. "Unamtaka binti yangu, au unataka picha?"

Gidamis aliondoa jicho kwenye kamera. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akageuka mzima mzima kumtazama mzee usoni, kwa sababu swali la namna hiyo halijibiwi huku umefumba jicho moja.

"Namtaka Fransiska, baba. Picha ni ya Mwalimu Agustino."

Fransiska alitaka kumtazama Gidamis, alitaka kuuona uso ule uliosema maneno yale. Lakini miaka mitano ya harusi ilikuwa imeifundisha mikono yake kutosubiri machozi yakauke, na mikono iliinua ile kamera ya zamani yenyewe. Upepo ulivuta matawi ya migrivilia pembeni. Jua likapita katikati, likamgonga chozi kifuani, na ndege mweusi akawaka kijani kutoka shingo mpaka mkiani. Alibonyeza mara tatu. Matawi yakajifunga. Chozi akaruka juu ya paa, akaenda zake.

"Na wewe?" mzee Bura alinong'ona, sasa akimgeukia binti yake. "Unamtaka huyu?"

"Nimemkasirikia, baba. Lakini namtaka."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Alilitazama shamba lake, jiwe lake, kisha kijana aliyekaa mbele yake bila kofia kwenye baridi.

"Mbaazi sijasamehe," alinong'ona.

"Ndiyo, baba."

"Mwezi ujao navuna. Utakuja mwenyewe, kwa mikono yako, ekari mbili. Ng'ombe uwaache huko huko."

"Nitakuja, baba."

"Na mama yako na wazee wenu, waje Jumapili ijayo tuzungumze. Wakija na asali ya posa, iwe asali ya kweli, siyo ya sukari." Alikunja uso. "Sasa mbona bado tunanong'ona? Ndege si ameshaondoka?"

Juliana ndiye aliyeanza kucheka, jikoni, kwa sauti iliyowatimua kuku wote uani. Fransiska akafuata. Kisha Gidamis, na mwisho kabisa mzee Bura mwenyewe, kifua kikimpanda na kushuka ndani ya koti, mwavuli bado mkononi.

*

Waliitazama picha wakiwa wameegemea pikipiki, vikombe vya chai ya maziwa vikiwachoma vidole. Chozi alikuwa amenyanyua mdomo kutoka kwenye ua, chavua ya njano ikiwa imemganda kwenye paji. Kijani yake ilikuwa haisemeki.

"Hakuna flashi hapa," alisema Gidamis taratibu, tabasamu likimpanua uso. "Hata chembe. Huu ni mwanga wa asili, Fransiska Bura."

"Ni bahati ya upepo. Tazama hapa chini ya bawa, pamekuwa peusi. Ungebonyeza wewe, flashi ingepajazia, ingekuwa picha bora mara mbili."

"Kwa hiyo mimi leo nilikuwa upande wa flashi na wewe upande wa jua?"

"Wewe leo hukuwa upande wowote. Ulikuwa umevua kofia."

Alisema hivyo akitabasamu kwenye kikombe. Gidamis alimtazama tu, bila lenzi, bila haraka, kama alivyozoea kutazama vitu anavyovipenda, na Fransiska hakugeuza uso.

Simu iliita. Mwalimu Agustino alikuwa amepokea picha, na alikuwa akipiga kelele kama kijana. "Ndiyo hii! Ndiyo hii! Sasa nambieni, jaladani niandike picha imepigwa na nani? Niandike ninyi wawili?"

Fransiska alimwangalia Gidamis. Gidamis alitikisa kichwa, akamnyooshea yeye kidole.

"Andika Fransiska Bura, Mwalimu," alisema. "Nilibonyeza mimi. Gidamis alikuwa na kazi nyingine."

"Kazi gani tena, ndege akiwa mbele yake?"

"Tutakueleza Jumapili ijayo. Na wewe uje."

Alipokata simu, walisikia sauti ya mzee Bura kutoka upande wa pili wa nyumba. Alikuwa amepanda juu ya tofali, mahali ambapo mtandao ulishika, na alikuwa akizungumza na mdogo wake aliyeko Mbulu kwa sauti ya mtu anayedhani Mbulu kunafikiwa kwa nguvu za mapafu.

"Sulle! Unanisikia? Jumapili ijayo uje, uvae suti! ... Ni habari za Fransiska! ... Wa Gendabi! ... Nimesema Gendabi! ... Hapana, sijanywa kitu, ni saa tatu asubuhi hii! ... Ndiyo, watu wa ng'ombe! ... Ee, basi sikiliza nikwambie. Huyu kijana aliulizwa swali, akaacha alichokuja kukitafuta, akanijibu. Wewe mabinti zako wameolewa na watu wangapi wa namna hiyo?"

Sulle alijibu kule Mbulu.

"Hata mimi sijawahi kumwona mwingine!" alisema mzee Bura kwa furaha. "Ndiyo maana nakwambia uje!"

Fransiska aliweka kikombe chini. Kwenye uwanja wa baba yake, jua likiwa limepanda, mama yake akiwa mlangoni anatazama wazi wazi bila kujificha, alichukua mkono wa Gidamis akaushika.